Janti pana, tairi pana: ni nini kinachobadilika kwenye gari ya matope

Mwezi wa tisa, mvua zinaporudi kwenye milima ya Kivu, mazungumzo ya zamani yanarudi pia katika magaraji: gari inayokwenda Walikale, Masisi ao Shabunda ivalishwe tairi gani? Vijana wengi wanapenda gari iliyotanuka, tairi zimetoka nje ya bodi, janti imezama ndani kama bakuli. Ikipita mjini watu wanageuka: "Ile iko chuma." Lakini kilomita mia moja mbele, penye matope na mawe, sura haisaidii. Kinachoamua kama mizigo itafika ni mambo mawili ambayo jicho halioni haraka: gurudumu limekaa umbali gani kutoka mahali linapofungwa, na tairi ina upana gani kulingana na udongo na uzito.

Si mchezo wa matajiri. Kwenye barabara ya kitaifa namba 3, inayotoka Bukavu kupitia Bunyakiri na Hombo hadi Walikale, gari ikivunja rulma katikati ya msitu hakuna garaji karibu. Mama aliyepakia nyanya anaziona zinaoza. Mgonjwa aliyekuwa anapelekwa hospitali analala juu ya mifuko. Na kulala njiani, katika sehemu nyingi za mashariki ya Kongo, ni hatari yenyewe. Kwa hiyo uamuzi unaofanyika mjini mbele ya muuza janti unawagusa watu wengi ambao hawakuulizwa.

Kina cha nyuma ni nini

Kila janti ina sehemu ya katikati inayokaa juu ya kitovu cha gurudumu, pale penye matundu ya buloni. Umbali kutoka sehemu hiyo hadi ukingo wa janti wa upande wa ndani, upande unaotazama springi na freni, njo kina cha nyuma. Kikiwa kikubwa, gurudumu linaingia ndani chini ya gari. Kikiwa kidogo, gurudumu linatoka nje.

Watengenezaji wengi hawaandiki kina hicho kwenye janti. Wanaandika ET, kisha namba ya milimita, kwa mfano ET40 ao ET0. Namba hiyo inapima kitu cha jirani: umbali kati ya mstari wa katikati wa janti na sehemu inayofungwa. ET0 maana yake sehemu ya kufungia iko katikati kabisa. ET40 maana yake imesogea milimita 40 kuelekea nje, kwa hiyo gurudumu lenyewe linaingia ndani milimita 40. Namba yenye alama ya kutoa, kama ET-20, inalisukuma gurudumu nje. Njo ile janti ya bakuli.

Njia ya kupima haihitaji mashine. Janti isiyo na tairi inalazwa chini, upande wa nje ukitazama udongo. Ubao ulionyooka unawekwa juu ya ukingo wa ndani, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kisha mita inashushwa kutoka kwenye ubao hadi sehemu ya kufungia. Namba inayosomwa ni kina cha nyuma. Kama tairi iko bado juu ya janti, ubao utakaa juu ya tairi na namba itadanganya, sababu tairi inavimba kupita ukingo. Hapo inafaa kupima pia umbali kati ya ubao na ukingo wa janti, na kuutoa.

Hesabu ndogo yenye faida

Tuseme kuna janti ya kwanza yenye upana wa inchi 6 na ET40. Upana unaoandikwa unapimwa mahali tairi inapokaa. Ukingo kwa ukingo, janti inaongezeka karibu inchi moja, kwa hiyo ni inchi 7, sawa na milimita 178. Nusu yake ni 89. Ukiongeza 40, kina cha nyuma ni karibu milimita 129, na upande wa nje unabaki na milimita 49 tu.

Sasa kuna janti ya pili ya inchi 8 na ET0. Ukingo kwa ukingo ni inchi 9, sawa na milimita 229. Kina cha nyuma ni karibu 114, na upande wa nje ni 115. Ukibadilisha ya kwanza kwa ya pili, ukingo wa ndani unaachana na springi kwa milimita 15, jambo linaloonekana zuri. Lakini ukingo wa nje unatoka milimita 66, na katikati ya tairi, pale uzito wa gari unapokanyagia udongo, panasogea nje milimita 40.

Milimita 40 ni upana wa vidole viwili ao vitatu. Lakini kama gurudumu hilo linabeba kilo 700, kusogea huko kunaongeza mzigo wa kupinda sawa na kuning'iniza jerikani ya kilo 28 kwenye mwisho wa fimbo ya mita moja, na fimbo hiyo imefungwa kwenye kitovu cha gurudumu. Hiyo ni gari ikiwa imesimama. Ikidumbukia kwenye shimo, pigo linazidisha uzito huo mara nyingi kwa siku, siku zote.

Kinachoanza kuteseka

Cha kwanza ni rulma. Imepangwa ili uzito uishukie karibu na katikati yake. Gurudumu likitoka nje, rulma moja inabeba zaidi kuliko mwenzake, inapata moto, grisi inayeyuka na kutoka, halafu matope na maji yanaingia. Dereva anasikia mlio kama wa ndege ya mbali, anaongeza sauti ya redio, na siku mbili baadaye gurudumu linacheza.

Cha pili ni direksio. Gurudumu la mbele likikatwa, linazunguka kwenye mstari ambao fundi wa kiwanda aliuweka uguse chini karibu na katikati ya tairi. Tairi ikisogea nje, umbali kati ya mstari huo na katikati ya tairi unakuwa mrefu. Jiwe likipiga tairi ya kushoto, usukani unaruka kwenye mikono. Freni zikishika upande mmoja zaidi ya mwingine, gari inavutwa upande huo kwa nguvu. Kwenye escarpment ya Ngomo, katika barabara ya Bukavu kwenda Uvira, palipo na mlima upande mmoja na shimo upande mwingine, kuvutwa kwa nusu mita kunatosha kuua watu.

Cha tatu ni buloni. Wengine, badala ya kubadilisha janti, wanaweka vibati vya chuma kati ya kitovu na janti ili kutanua gari. Matokeo kwenye rulma ni yale yale, na kunaongezeka mahali pengine pa kulegea. Kibati chembamba kinachobanwa na buloni za zamani kinaacha ekru ikishika mizunguko michache tu. Ekru ya namna hiyo haijakamata vizuri, hata kama mkono unahisi imekaza.

Upande mwingine pia kuna kosa. Mtu akiacha janti ya kiwanda yenye kina kikubwa na kuivalisha tairi pana, nusu ya upana ulioongezeka unaingia ndani. Toka tairi ya milimita 215 hadi ya 285, kila upande unaongezeka milimita 35. Milimita hizo za ndani ndizo zinazokula bomba la mpira la freni, chuma cha direksio ao springi. Mjini, gari tupu, hakuna kinachogusana. Njiani, gari imejaa, gurudumu limepanda juu ya jiwe na usukani umekatwa hadi mwisho, tairi inasugua bomba. Bomba la freni likikatika, hakuna atakayeuliza janti ilikuwa ya sura gani.

Tairi pana haikanyagi zaidi, inakanyaga tofauti

Wengi wanaamini kwamba tairi pana inagusa udongo mwingi zaidi. Kwa upepo uleule, si hivyo sana. Eneo linalogusa chini linatokana hasa na uzito na upepo. Kilo 700 zikibebwa na upepo wa kilo 3, tairi itagusa karibu sentimita za mraba 233, iwe nyembamba ao pana. Tofauti ni umbo. Tairi inayokanyaga kwa upana wa sentimita 17 itaacha alama ndefu ya karibu sentimita 14. Ile ya sentimita 22 itaacha alama fupi ya karibu sentimita 11, lakini pana.

Kinachoongeza eneo kweli ni kupunguza upepo. Kutoka kilo 3 hadi kilo 2, zile sentimita 233 zinakuwa 350. Hapo tairi pana ina faida yake: ina nafasi kubwa ya hewa ndani, inaweza kubeba mzigo uleule kwa upepo mdogo bila kujikunja hadi kuharibika. Tairi nyembamba yenye shambre ndani, ikipunguzwa upepo kupita kiasi chini ya mzigo, inazunguka juu ya janti na kung'oa valvu.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: matope hayo yana chini ngumu ao hayana? Kwenye njia nyingi za milima ya Masisi na Kalehe, utelezi ni ngozi ya juu. Chini yake kuna udongo mgumu ao mawe. Hapo tairi nyembamba na ndefu inakata ile ngozi, inafika kwenye kigumu, inashika. Tairi pana inaelea juu ya utelezi kama mtumbwi, na gari inaenda inakotaka. Lakini mahali ambapo hakuna chini, kama mchanga mwingi wa barabara za Kasai ao kinamasi, tairi nyembamba inachimba kaburi lake. Hapo pana yenye upepo mdogo ndiyo inayookoa. Ni sababu hiyo madereva wawili wenye ujuzi, mmoja wa Kasai na mwingine wa Kivu, wanaweza kupingana juu ya tairi na wote wawili wakawa na haki.

Goma ina shida yake ya tatu: jiwe la volkano. Lava ya Nyiragongo ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji, na ile ya mwaka 2021 ilikata barabara ya kwenda Rutshuru. Jiwe hilo lina meno, linakata hasa ubavu wa tairi. Tairi iliyotoka nje ya bodi inatanguliza ubavu wake kwa kila jiwe la pembeni. Hapo kinachohitajika ni tairi yenye ubavu mnene, tabaka nyingi, isiyojitokeza.

Njia imekwisha kuchorwa na malori

Kuna jambo lingine ambalo vitabu vya magari havizungumzii sana lakini madereva wa msituni wanalijua. Barabara za udongo hazingojei gari ndogo. Malori makubwa yamekwisha kupita na kuchimba mifereji miwili. Gari ndogo inayofuata ina kazi ya kuchagua: kuingiza magurudumu yote kwenye mifereji, ao kupanda juu ya kingo. Ikiwa magurudumu ya mbele na ya nyuma hayafuati mstari mmoja, ya nyuma yanachimba njia yao mpya kwenye ukingo na injini inafanya kazi mara mbili.

Kwa hiyo mtu akitanua magurudumu ya mbele peke yake kwa ajili ya sura, anaharibu hesabu hiyo. Tairi pana kwenye mfereji mwembamba nayo inasugua kuta kwa mabega yake, inabebwa na ukingo, na tumbo la gari linakaa juu ya udongo. Gari haikosi nguvu. Inakosa tu kugusa chini.

Canter na Fuso: tairi pacha

Malori madogo yenye tairi mbili mbili nyuma yana sheria yao. Janti za nyuma zinafungwa mgongo kwa mgongo, na nafasi kati ya tairi hizo mbili inatokana na namna katikati ya janti ilivyosogezwa pembeni. Mwenye lori akiweka tairi pana juu ya janti zile zile, nafasi inapungua. Lori likijaa, tairi zinavimba chini, mbavu zinagusana na kuunguzana. Jiwe likinasa katikati, linakaa hapo hadi litoboe moja.

Jambo la kuangalia ni rahisi: lori likiwa na mzigo wote, pale chini tairi zinapovimba, lazima mwanga uonekane kati yake. Kama hauonekani, ni kurudi kwenye upana wa zamani ao kutafuta janti zilizotengenezwa kwa upana huo. Tena tairi pacha lazima ziwe na urefu sawa. Moja ikiwa ndefu kuliko mwenzake, hiyo ndefu inabeba karibu mzigo wote, na ile fupi inasafiri bure.

Matundu kukubaliana si kukubaliana kwote

Janti nyingi zinazouzwa zimetumika tayari. Muuzaji anahesabu matundu, anasema inaingia. Kweli, Land Cruiser 79 ya kuanzia mwaka 1999 ina buloni tano, na Land Cruiser 100 na 200 zina buloni tano kwa duara lilelile la milimita 150. Lakini kuingia kwa buloni hakusemi lolote juu ya kina, wala juu ya uzito ambao janti iliundwa kuubeba. Gari ya familia na pikapu inayobeba tani moja ya mihogo haziombi kitu kimoja.

Kabla ya kutoa dola, mnunuzi mwenye busara anaangalia mambo haya:

Upana wa janti na wa tairi vipatane. Tairi ya 7.50R16 inakaa vizuri kwenye janti ya inchi 6. Tairi ya 265/70R16 inaomba kuanzia inchi 7. Ikilazimishwa kwenye janti nyembamba, katikati inavimba na kulika haraka.

Urefu wa tairi. Tairi ya 265/70R16 ina urefu wa karibu milimita 777. Ya 235/85R16, ambayo ni nyembamba zaidi, inafika karibu 806. Ya 285/75R16 inafika 834. Kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni zaidi ya asilimia 7. Gari inapanda juu sentimita 3 hivi, lakini injini inachoka kwenye mlima, na mshale ukionyesha 60 gari iko inakimbia 64. Anayetafuta kuinua gari bila kuitanua anaipata hiyo kwenye tairi nyembamba yenye ubavu mrefu.

Namba ya uzito. Kwenye ubavu, baada ya vipimo, kuna namba kama 112 ao 120. Namba 112 inamaanisha kilo 1,120 kwa tairi moja, na 120 ni kilo 1,400. Tairi nzuri ya gari ndogo yenye 104 inabeba kilo 900 tu.

Umri. Herufi DOT zinafuatwa na namba, na nne za mwisho zinasema juma na mwaka. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Mpira uliokauka una maua mazuri lakini unapasuka.

Ekru. Ekru yenye ncha ya mviringo ao ya pembe inaomba tundu la umbo hilo. Ekru bapa kwenye tundu la pembe italegea hata ikikazwa na watu wawili.

Kujaribu kwa kweli. Gari ijazwe mzigo, gurudumu moja la mbele lipandishwe juu ya jiwe, usukani ukatwe hadi mwisho kushoto na kulia. Konvoyeri aingize mkono: kama vidole viwili havipiti kati ya tairi na kila kitu cha ndani, haifai. Matope yakikauka pale yatahitaji nafasi, na mnyororo pia, kwa wanaoutumia. Baada ya kilomita 50 za kwanza, ekru zote zikazwe upya.

Na kwado aliye njiani

Swali la mwisho halihusu mashine: tairi hiyo ikipasuka, nani atakuwa nayo? Tairi ya 7.50R16 inajulikana na kila kwado, na shambre yake inapatikana hata kwenye masoko madogo. Ile pana ya sura inaweza kuomba safari ya kurudi mjini. Kwa upande mwingine, janti za zamani zenye duara la chuma linalotoka zina hatari yao: duara likiruka wakati wa kujaza upepo, linaweza kuua. Kwado anayejua kazi anatoa upepo wote kabla ya kulifungua, anafunga mnyororo wakati wa kujaza, na hakai mbele yake.

Kwa gari inayobeba watu na mizigo kwenye udongo wa Kivu, hesabu zote hizi zinaelekea upande mmoja. Gurudumu libaki karibu na pale kiwanda kililiweka, kwa tofauti ya milimita chache. Tairi iwe nyembamba kiasi, yenye ubavu mrefu na mnene, yenye namba ya uzito inayozidi mzigo. Anayevuka mchanga kila siku ana haki ya kuchagua pana, lakini na janti yake yenye kina sahihi, pamoja na pampu ya kurudisha upepo. Anayetaka gari ipendeze mjini anaweza kuipaka rangi. Rulma hazitambui rangi, na abiria walio nyuma hawatalipa gharama yake.